Kwenye VR, pedi au mikono yako mwenyewe?

Swali: Dada, shikamoo. Naishi Dodoma, nina miaka 26. Mwaka jana kaka yangu alirudi kutoka Dubai akaniletea miwani ya VR, ile inayokuonyesha gemu kana kwamba umo ndani yake, aina ya Quest 3S. Mimi nimekulia kwenye pedi ya gemu, kwa hiyo nachagua gemu za kucheza nimekaa kwenye kochi, natembea kwa kijiti cha kidole gumba. Zile za kutikisa mikono nilijaribu mbili tatu nikaziona za kitoto, halafu zinachosha. Lakini mama yangu, ambaye hajawahi kushika pedi maishani mwake, anacheza ile ya kukata vitofali kwa mapanga ya mwanga mpaka jasho linamtoka, na anafurahi kuliko mimi mwenye miwani. Mimi dakika 20 haziishi, tayari kichefuchefu. Je, ni kweli kucheza kwa mwili kunaongeza raha, au ni maneno ya wauzaji? Nataka kununua gemu tatu na pesa yangu ni ya kuhesabu.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, maana ndani yake mna majibu mawili tayari: moja ni mama yako, jingine ni hicho kichefuchefu. Ndiyo, mwili ukiingia kwenye mchezo raha huongezeka, tena sana, ila kwa sharti moja. Kile unachokifanya kwa mwili kiwe ndicho hicho kinachotokea kwenye mchezo. Mkono ukikata, upanga ukate. Ukiinama, risasi ipite juu ya kichwa chako. Mwili ukifanya jambo moja na macho yakaona jingine, raha inakwisha hapohapo, na tumbo ndilo la kwanza kulalamika. Jasho si kipimo. Nimewaona watu wakitokwa jasho kwa gemu mbovu, na nimewaona wengine wakifurahia gemu ambayo mkono wenyewe hausogei zaidi ya shubiri mbili.

Kazi yangu ni kutengeneza programu za mafunzo kwa VR, na tangu 2017 nimewavalisha miwani hii watu wa kila aina: wanafunzi, manesi, mafundi umeme, wazee waliopita kwenye maonyesho kuangalia tu. Karibu wote wanafanya jambo lilelile sekunde za mwanzo, kabla sijawaelekeza chochote. Wanainua mikono na kuitazama. Wakiiona wanageuza viganja, wanakunja vidole, wanavikunjua, kisha uso unalegea. Programu isipoonyesha mikono wanasimama kama mtu aliyeingia chumba cha giza. Bibi mmoja aliniuliza kwa sauti ya wasiwasi wa kweli, "Mwanangu, mimi mwenyewe niko wapi humu?" Nimejibu maswali mengi ya VR tangu siku ile, na bado sijasikia lililo zito kuliko hilo.

Mwaka 2016 soko lilitupa jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Miwani ya Oculus Rift ilitoka mwezi Machi, na ndani ya boksi lake mlikuwa na pedi ya kawaida ya Xbox One. Aprili ikatoka HTC Vive ikiwa na rimoti mbili, moja kwa kila mkono, pamoja na vifaa viwili vya kufunga juu ukutani vilivyoiwezesha kujua ulipo chumbani: umepiga hatua, umechuchumaa, umegeuka. Kwa picha hazikupishana sana. Kwa hisia zilipishana mno. Aliyevaa Rift alikuwa mgeni aliyekaribishwa kiti akae atazame. Aliyevaa Vive aliinuka akaanza kushika vitu. Oculus nao walilijua hilo, maana rimoti zao za Touch zilikuwa jikoni, na zilifika sokoni Desemba ya mwaka huohuo. Kuanzia hapo, miwani kubwa za gemu, Quest ya 2019, Valve Index ya mwaka uleule, hadi PlayStation VR2 ya 2023, zote zimetengenezwa kwa rimoti mbili za mikono, na hakuna aliyebishana tena.

Kwa nini iwe hivyo? Weka simu chini kidogo. Fumba macho, kisha gusa ncha ya pua yako. Umeipata bila kutafuta. Ubongo una ramani ya viungo vyako, unajua mkono ulipo hata gizani, na ramani hiyo haizimwi kwa sababu umevaa miwani. Sasa miwani inapokuonyesha mkono mahali palepale ramani inaposema upo, na ukiusogeza unasogea bila kuchelewa, ubongo unaukubali. Kuchelewa huko kuna mpaka wake: watengenezaji hujitahidi picha ibadilike ndani ya milisekunde 20 hivi tangu kichwa kigeuke, zikizidi sana mtu anaanza kuhisi dunia inaelea. Pedi kwenye runinga haina shida hii kwa sababu runinga haidai kuwa wewe umo ndani yake. VR inadai. Ikishadai hivyo, mwili unataka kushirikishwa.

Na mwili ulikuwa unataka hata kabla ya VR. Nenda kwenye banda lolote la gemu mtaani kwenu jioni, simama nyuma ya vijana wanaocheza mbio za magari. Gari likikata kona, pedi inapinda, mabega yanapinda, wa pembeni anayesubiri zamu naye anapinda. Kwa kawaida gemu haijali kama pedi imepindwa. Kupinda huko hakuna faida yoyote kwenye mchezo. Wanapinda kwa sababu macho yameona kona.

Watafiti wameligusa jambo hili muda mrefu. Mel Slater na wenzake mjini London walianza kulipima miaka ya tisini, na mwaka 1999 wakatoa matokeo ya jaribio ninalolipenda mpaka leo. Walitengeneza chumba cha VR chenye shimo refu katikati ya sakafu. Kundi moja lilitembea kwa miguu halisi, la pili likapiga hatua papo hapo bila kwenda mbele, la tatu likasogea kwa kubonyeza kitufe. Waliotumia miguu, hata wale wa kupiga hatua papo hapo, walijihisi wapo mahali pale kuliko wa kitufe. Kumbuka picha za wakati ule zilikuwa duni kuliko za simu yako. Miguu ilifanya kazi ambayo picha haikuiweza.

Ila nisikudanganye: kujihisi upo si sawa na kufurahi. Unaweza kuwepo kabisa mahali pa kuchosha. Hapa ndipo wauzaji wanapotuchanganya, wanaonyesha mtu anaruka na kupiga ngumi hewani, wanataka tuamini kuruka kwenyewe ndiyo raha. Raha inatoka kwenye kile mchezo unachokufanyia baada ya kuruka.

Tumchukue mama yako. Gemu anayocheza bila shaka ni Beat Saber, iliyotengenezwa na kikundi kidogo cha mjini Prague na kutoka Mei 2018. Siku moja kaa ukutani umtazame, usitazame skrini. Kitofali chekundu ni cha mkono wa kushoto, cha bluu ni cha kulia, na karibu kila kimoja kina mshale wa upande wa kukatia. Huo ndio karibu mchezo mzima, hana mengi ya kujifunza zaidi. Lakini ndani yake kuna hesabu ambayo wengi hawaijui. Kila kitofali kina alama 115 kwa upeo. Alama 70 zinatokana na jinsi ulivyovuta mkono kabla ya kukata, na ili uzipate zote upanga uwe umezunguka nyuzi 100. Nyingine 30 ni za kuufuatisha mkono nyuzi 60 baada ya kukata. Zilizobaki 15 tu ndizo za kupita katikati ya kitofali. Yaani gemu inamlipa mama kwa kukata kwa mkono mzima, bega na kiwiko, kama mtu anayefyeka. Ukichezea kiganja tu unapita, ila alama zinakuwa kiduchu. Mwili na mchezo wanataka kitu kimoja, ndiyo maana anafurahi. Tena, na hili ulikumbuke tutakapofika kwenye tumbo lako, mama haendi popote. Amesimama, vitofali ndivyo vinavyomjia.

Linganisha na Wii, mashine ya gemu ya Nintendo, iliyotoka 2006 na kuuzwa zaidi ya milioni 100. Wengi tuliinunua kwa ajili ya tenisi. Wiki ya kwanza sebule nzima imesimama, watu wanazungusha mikono. Wiki ya tatu watu wamekaa, wanadokoa kwa kiganja, na wanashinda vilevile, kwa sababu rimoti ile ilikuwa inahisi mtikisiko tu, haikujali kama umezungusha bega. Mchezo ulikuwa umeacha mlango wazi na wachezaji wakapita. Nadia Bianchi-Berthouze wa University College London na wenzake waliwahi kuwachunguza wachezaji wa ndondi kwenye Wii, wakaona jambo linalofanana: aliyekuja kutafuta ushindi alipunguza mwendo mpaka ukabaki ule unaotosha kupata alama, aliyekuja kujipumzisha alipigana kama bondia, na akaifurahia ndondi yenyewe. Kwa hiyo swali la "mwili unaongeza raha?" linategemea pia umekuja kutafuta nini. Wewe uliyekulia kwenye pedi huenda ni wa kundi la kwanza: unatafuta njia fupi ya kushinda, unaipata, kisha unaona gemu ni ya kitoto. Sikulaumu. Aliyekosea ni aliyetengeneza gemu inayoshindwa kwa njia hiyo.

Hilo neno "kitoto" ningependa uliondoe akilini, na nitakuonyesha kwa bastola. Half-Life: Alyx ya kampuni ya Valve, iliyotoka Machi 2020, inahitaji kompyuta yenye nguvu, kwa hiyo si ya kununua kesho, lakini ukipata pa kuijaribu usiache. Kwenye gemu ya pedi, kujaza risasi ni kitufe kimoja. Humo ni hivi: unatoa magazini tupu, unapeleka mkono wa pili nyuma ya bega kwenye begi, unachomoa magazini mpya, unaichomeka chini ya kitako, unavuta sehemu ya juu ili risasi ipande. Mazoezini ni sekunde tatu. Sasa zima taa za jengo, weka adui anayekusogelea kwa kujikokota, uone. Nilimtazama fundi mmoja mwenye mikono thabiti, mtu anayeunganisha nyaya juu ya nguzo, akiidondosha magazini mara mbili mfululizo. Akarudi nyuma hatua moja halisi, akachuchumaa nyuma ya meza ambayo haipo, akahema, akachomeka ya tatu. Alipovua miwani mikono ilikuwa inatetemeka na hakutaka kuondoka. Alikuwa anaomba zamu nyingine. Hofu ilikuwa imeingia vidoleni, kwa hiyo ushindi nao uliingia vidoleni. Hakuna kitufe kinachoweza kukupa hilo.

Superhot VR inafanya hivyo kwa njia nyingine kabisa. Muda unakwenda pale tu unapojisogeza. Ukiganda, risasi nazo zinaganda hewani mbele ya macho yako. Basi unageuza shingo taratibu, unapinda mgongo kupisha risasi, unanyoosha mkono kuokota chupa, na kila sentimita ya mwili wako ni uamuzi. Huwezi kuihamishia kwenye pedi ikabaki ileile.

Sasa upande wa pili, maana mwili una mahali unaposhindwa, na usipopajua utapoteza pesa.

La kwanza ni uzito. Rimoti inatetemeka, haisukumi. Ukiinua jiwe kubwa ndani ya VR mkono unapanda kama umeinua kikombe. Ukigonga upanga kwenye ngao upanga unapita au unaacha kukufuata, na ubongo unang'amua. Ndiyo maana gemu nyingi za mapanga mazito zinaacha ladha ya hewa. Lakini tazama tenisi ya meza. Mpira wake halisi una gramu 2.7. Hata kwenye meza ya kweli, unachohisi mkononi ni mguso mdogo tu, na mguso mdogo ndio rimoti inaoweza kuutoa. Ndiyo sababu tenisi ya meza ya VR inakaribia ile yenyewe kiasi cha kushangaza, wakati ndondi na mieleka vinabaki kuwa maigizo. Ukitaka kujua gemu itakuridhisha, jiulize kitu unachokishika humo kina uzito gani duniani. Kikiwa chepesi, mambo yatakwenda.

La pili ni kitufe kilichovikwa mwili. Kuna gemu zinakufanya upunge mkono ili kufungua orodha, au uzungushe gurudumu dogo mara sita ili mlango ufunguke, na hakuna kinachoongezeka ukizungusha vizuri wala kinachopungua ukizungusha vibaya. Hapo kidole gumba kingetosha. Kinect, kamera ya gemu ya Microsoft iliyofuatisha mwili wa mchezaji, ilitoka Novemba 2010 na kuuza milioni 8 ndani ya siku 60, watu walikuwa na hamu hasa, lakini ilikuwa inataka mwili ufanye hata kazi za kidole, mikono mitupu isiyoshika chochote, na mwaka 2017 utengenezaji ukasimamishwa. Hamu ya mwili haikuwa tatizo. Mwili ulipewa kazi za kipuuzi.

La tatu ni uchovu. Mikono ikikaa mbele ya kifua dakika nyingi bila kushuka, mabega yanaungua. Wabunifu wana jina lake la zamani, mkono wa sokwe. Gemu nzuri zinakushusha mikono kila baada ya muda mfupi. Zingatia pia kwamba miwani yako ina nusu kilo usoni, na shingo inaibeba yote.

Tuje kwenye tumbo lako. Wewe unafikiri unaumwa kwa sababu VR haikupendi. Kinachotokea ni kwamba umekaa kwenye kochi, macho yanaona unakimbia korido, na sikio linasema umekaa. Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu midogo yenye majimaji na vijiwe vidogo sana vinavyopima kugeuka na kusogea. Hiyo ndiyo mizani ya mwili. Kichefuchefu chako ni ndugu wa kile cha boti ya kwenda Unguja, ila kimegeuzwa. Kwenye boti ukiwa umeinamia simu, sikio linahisi mawimbi ambayo macho hayayaoni. Kwenye VR macho yanaona mwendo ambao sikio haliuhisi. Kijiti ndicho mkosaji, hasa kijiti cha kugeukia. Hata ukisimama na rimoti mikononi, ukitembea kwa kijiti utaugua vilevile.

Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya kila gemu leo. Kugeuka kwa mfululizo kuzime, weka kule kugeuka kwa vipande, nyuzi 30 au 45 kwa mkupuo. Kutembea kwa kijiti kubadilishe kuwa kule kwa kulenga mahali na kutokea hapo, kama gemu inaruhusu. Washa kile kiza kinachofinya pembe za macho wakati wa mwendo. Kinapunguza mwendo unaouona kwa pembeni na wengi wanapata nafuu. Bora zaidi, achana na kochi: tumia kiti kinachozunguka, ugeuke kwa kiwiliwili chako, sikio nalo lipate habari. Feni ndogo mezani ikikupulizia usoni inasaidia, mwili unajua mbele ni wapi. Na ukihisi mate yanajaa mdomoni, vua wakati huohuo. Usijikaze. Nimeona vijana wanajikaza siku tatu, kisha hata harufu ya sponji ya miwani inawatibua wiki nzima.

Kuna gemu moja ya bure iliyolitatua hili kwa ujasiri. Gorilla Tag, ya tangu 2021, haina miguu wala kijiti cha kutembelea. Wewe ni sokwe. Unapiga ardhi kwa viganja, unajisukuma, unadaka tawi, unajirusha. Ni mchezo wa kukimbizana na kugusana, ule tuliocheza uwanjani shuleni. Picha zake ni duni makusudi na hakuna anayejali, kwa sababu kila sentimita unayosogea imetoka begani mwako. Si kila tumbo linaikubali, mirusho yake ni mikali, lakini wengi wasioweza kijiti wanaiweza hii. Ijaribu dakika tano, haina gharama, utajua tumbo lako liko upande gani.

Je, pedi itupwe? Hapana kabisa. Pedi ina heshima yake pale mwili uliomo kwenye mchezo nao umekaa au uko mbali. Gran Turismo 7 kwenye PlayStation VR2 ukiwa na usukani na pedali ni moja ya vitu vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvaa, na mtu amekaa muda wote. Dereva naye amekaa, mikono inashika usukani anaouona. Ukiangalia vizuri, huo usukani nao ni mchezo wa mwili. Astro Bot Rescue Mission ya 2018 ilichezwa kwa pedi ya PlayStation 4, lakini ndani ya miwani ulikuwa unaiona pedi ileile mkononi mwako, na ilibidi uinue shingo, uchungulie nyuma ya ukuta, urudishe mipira kwa kichwa. Roboti inaongozwa na vidole, wewe mwenyewe unacheza kwa kichwa chako. Kwa hiyo kichwa ni lazima, mikono ni karibu kila mara, miguu ni kwa tahadhari. Hivyo ndivyo ninavyopanga hata programu zangu za kazini.

Chumba nacho kinaamua. Watengenezaji wanashauri nafasi ya mita 2 kwa 2, na sebule zetu zenye makochi saba na meza ya kioo katikati hazina mita hizo mpaka uzitengeneze. Sogeza meza, kunja zulia. Halafu tazama juu. Miwani inakuchorea mpaka wa sakafu, lakini haikuonyi kuhusu pangaboi. Nilishuhudia kijana mrefu akiruka kudaka mpira, vidole vikaingia kwenye pangaboi, alishonwa. Tangu siku hiyo nikifika ukumbini kitu cha kwanza kuuliza ni swichi ya pangaboi iko wapi. Kamba za rimoti zivaliwe kwenye kifundo cha mkono kila mara. Ninyi wa Dodoma mna nafuu ya ubaridi wa Juni na Julai. Huku Dar tunacheza na taulo begani, na lenzi tunapangusa kwa kitambaa kikavu kila baada ya wimbo. Lakini jua lenu ni kali, na kosa moja linaua miwani: kuiacha dirishani lenzi zikitazama nje. Lenzi inakusanya miale kama kioo cha kuchomea karatasi na inatoboa skrini kwa muda mfupi sana. Funika kila unapoivua.

Na wapo wasioweza kuinua mikono au kusimama. Gemu ikidai mwili bila kutoa njia nyingine inawafungia nje watu wanaostahili raha hii kama wewe na mimi. Alyx iliyowatetemesha mafundi wangu inachezeka pia ukiwa umekaa, na kwa rimoti moja, mkono mmoja. Kwangu hilo ni alama ya kazi iliyofanywa na watu makini, na nasikitika kila nikikuta gemu isiyo na hata mpangilio wa kurekebisha urefu wa mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu.

Kuhusu pesa yako ya kuhesabu. Mimi ningenunua Eleven Table Tennis kwanza, kwa sababu ya zile gramu 2.7, na kwa sababu ushindani wake utamridhisha mtu wa pedi kama wewe: hakuna kudokoa kwa kiganja, ukidokoa mpira unakwenda wavuni. Ya pili Superhot VR. Ya tatu Walkabout Mini Golf, ambayo mkono wako hausogei sana, unapiga mpira taratibu unapiga soga na rafiki aliye mji mwingine, na ni dawa ya siku ulizochoka. Zote hizo hazihitaji kutembea kwa kijiti. Ukitaka kuongeza nyingine baadaye, usitazame matangazo yake. Tafuta video inayomwonyesha mchezaji mwenyewe chumbani kwake, kisha zima sauti. Kama kwa kumtazama tu unaweza kukisia anachofanya humo ndani, anarusha, anakwepa, anachota, hiyo ni gemu ya mwili. Kama unaona mtu amesimama anabonyeza, subiri ishuke bei au icheze kwa pedi.

Tenisi ya meza ukishaiweka, mpe mama zamu ya kwanza. Mrekebishie urefu wa meza, mfunge kamba ya rimoti, na uzime pangaboi.